Babangu alimwacha mamangu talaka tatu, mama akaenda kwa kadhi kusema mumewe hana akili

Wakuu, asalaam aleikum. Wote humu marahaba, maana sidhani kama yupo wa kuamkiwa na mimi. Nshapita themanini. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Ni miaka ya hamsini, Jang'ombe. Babangu alikuwa fundi wa kudarizi kanzu, kibanda chake kiko Mji Mkongwe. Mamangu, Bi Zuhura, mtu wa Tumbatu. Mtoto wao mimi peke yangu, nna miaka kumi na sita.

Baba akaanza kusahau. Kwanza sindano kaiweka wapi. Kisha njia ya kurudi kutoka msikitini. Mara mbili imamu alimleta kamshika mkono.

Siku hizi mngeita dimensia. Sisi tulisema uzee, na hata sitini hajafika.

Siku moja alasiri mama kampelekea chai. Baba akamtazama. "Wewe mwanamke nani? Toka nyumbani kwangu. Nimekuacha. Nimekuacha talaka tatu."

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa kaja kututembelea kutoka Mangapwani. Kaketi barazani, kasikia yote.

"Shemegi," akasema, "talaka ishatoka. Kukaa naye sasa haramu. Kaka nitamchukua shamba."

Msimwone mbaya. Alikuwa anamwogopa Mungu kwelikweli. Tena hakutaka ndugu yake aitwe mwendawazimu.

Mama akajibu, "Mimi nnakwenda kwa kadhi."

"Ukamwambie nini? Kuwa mumeo hana akili? Mbele za watu?"

Mama akashika buibui lake. "Nitamwambia."

Siku nane za kungojea korti alihamia kwa jirani. Mchana anakuja kupika, kajifunika, chumbani haingii. Sahani nampelekea baba mimi. Alisema mpaka kadhi aamue, hataki mtu apate neno la kusema.

Siku ya korti nilikata tamaa. Baba aliamka kama mzima. Kanzu safi, kofia imekaa sawa. Kaulizwa jina, kalitaja mpaka la babu wa babu yake. Kaulizwa adhuhuri rakaa ngapi, kajibu.

Kadhi hakuwa na haraka. "Una watoto wangapi?"

"Bado. Wa kwanza yumo tumboni."

Mimi nimekaa mbele yake, wakuu.

"Na mkeo yuko wapi?"

"Kaenda kwao Tumbatu kujifungua. Nnamngoja."

Mama akainamisha kichwa. Ami akasimama bila kuulizwa, machozi yanamtoka. "Sheikh, kaka yangu keshapotewa. Mimi nilikuwa sitaki kuliona hilo."

Imamu na jirani wakashuhudia kuwa hali ile ilianza kabla ya siku ya talaka. Kadhi akaamua: aliyepotewa na akili, talaka yake haishiki. Ndoa ipo. Akamfanya mama msimamizi wa baba na mambo yake, kwa sharti asiuze kitu chake bila Ami kujua.

Njiani mama akaniambia, "Leo nimemvua nguo mume wangu mbele za watu. Ilikuwa lazima." Hakulisema tena maisha yake yote.

Tulimtunza miaka minne. Kila Ijumaa Ami alikuja kumkogesha yeye mwenyewe. Jina la mama baba hakulikumbuka tena, lakini mkono wake aliujua. Akilishwa na mtu mwingine anafumba mdomo.

Baba alipofariki, baada ya arubaini, mama akawaita Ami, imamu na jirani yule.

"Nnasema haya nkiwa na akili zangu timamu. Zikinipotea, msimamizi wangu ni binti yangu huyu. Nikimfukuza, asiondoke. Nikimtukana, msinisadiki."

Imamu akaandika, wote wakatia saini.

Miaka ikapita, siku hiyo ikaja. Na alinifukuza kweli, si mara moja. Sikuondoka, na hapana ndugu aliyebishana nami.

Nililojifunza: mtu aseme mapema nani amsimamie, mbele ya mashahidi, wakati neno lake bado lina nguvu. Akingoja mpaka augue, wanaompenda ndio watakaogombana, na kila mmoja ataona haki iko kwake. Mimi karatasi yangu nshaandika. Wanangu walikasirika, wakasema najitabiria mabaya. Nikawaambia wasome, kisha watie saini.

Nyinyi wazee wenu mshawauliza? Na aliyewahi kusimama korti kwa ajili ya mzazi au mume, atueleze ilikuwaje.