Nyanjige Afunga Jaruba Lake

Kuna wanawake, jamani, ukiwaona sokoni Nkololo wakichagua dagaa huwezi kuwadhania. Nyanjige ni mfupi, mpole, anaongea kama anayeomba radhi. Lakini ndiye mgawa maji wa skimu yao ya mpunga. Ufunguo wa lango la bwawa anao yeye, na wakulima wenyewe ndio waliomchagua kwenye chama chao.

Miaka minne maji hayakufika mkiani, kule mfereji unakoishia. Mpunga wa Maige, mkulima wa huko, na wa jirani zake ulikauka ukiwa umesimama. Lawama zote akatupiwa mhandisi wa wilaya: eti kachimba vibaya, mfereji hauna mteremko. Mhandisi akaja na vipimo vyake, akapima, akasema mteremko upo. Nani amwamini!

Basi Nyanjige akaufuata mfereji kwa miguu, akipapasa kingo kwa mikono yake, Maige nyuma. Hawakufika mbali. Chini ya nyasi mkono ukagusa bomba nene, limefukiwa vizuri kabisa. Akafuata linakoelekea mpaka mwisho. Maji yalikuwa yanaingia kwenye jaruba lake mwenyewe, kitalu chake cha mpunga. Mwandu, mumewe, ndiye anayelihudumia jaruba hilo; ndiye aliyelifukia.

Sheria ya chama haina maneno mengi: anayeiba maji hapati zamu tena mpaka mavuno. Na mpunga wao ndio kwanza ulikuwa unachanua.

"Tulizibe tu, mayu, mama yangu," Maige akamwambia kwa huruma. "Mimi sitasema."

"Nitasema mimi."

Nyumbani Mwandu akafoka. "Watoto watakula nini? Unanidhalilisha mbele ya watu!"

"Watakula mtama wa mama yangu. Na aibu hii umeileta wewe, baba, miaka minne sasa."

Kesho yake kwenye mkutano wa chama akasoma majina ya walioiba maji: la mumewe, kisha la kwake. Akatoka na jembe, akaliziba lile bomba na mdomo wa jaruba lake huku watu wote wanamtazama. Mimi niliposimuliwa mwili ulinisisimka, na mpaka leo sijui ule moyo aliutoa wapi.

Siku ya tatu maji yakafika mkiani. Maige akaingia ndani ya maji na viatu vyake vya kanisani, akasimama analia kama mtoto, wala hakuona haya.

Jaruba la Nyanjige lilitoa mapepe matupu, maganda yasiyo na punje.

Uchaguzi wa chama ulipofika, hakuna aliyechukua fomu kushindana naye. Mwenyekiti akauliza nani anamtaka aendelee. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Mwandu.