Sukari Guru kwenye Koti la Baba

Harufu ya sukari guru, ile ya miwa iliyoungua, bado hunirudisha Ruiru. Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari, na daktari alimwambia apunguze mwili kwa kutembea. Kwetu mume akikonda, mke ndiye hulaumiwa. Shangazi akaja na chungu cha irio, viazi na mahindi yaliyopondwa.

"Ngai! Ndugu yangu unamlisha nini?" alimuuliza mama.

Mama aliinuka kwa taabu. Alikuwa amechuma kahawa tangu asubuhi, mgongo haunyooki. Alikata kipande cha sukari guru, akakitia kwenye koti la baba, akajifunga leso.

"Twende polepole," alimwambia. "Ukianza kutetemeka, ujue sukari imeshuka; kaa chini ule."

Wakatoka wawili, irio ikapoa.

Siku hizi ugonjwa huo ninao mimi; nakata kipande changu mwenyewe, nakitia mfukoni, nafunga mlango na kwenda kutembea.