Upeo wa Macho ya Mkwe

Nafundisha jiografia kwenye shule moja karibu na Ipinda, na kila mwaka nikifika kwenye upeo wa macho natamani niiruke mada hiyo. Kitabu kinasema ni ule mstari ambapo mbingu inaonekana kukutana na nchi, au na maji. Wanafunzi wanaandika, wanapiga mstari chini yake, basi. Mwaka huu msichana mmoja kutoka Matema akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu wavuvi wanasema upeo ni pale ambapo ukimtazama mtu ziwani humjui tena ni nani." Darasa likacheka. Mimi nikageukia ubao, nikafuta sentensi ambayo hata sikuwa nimeimaliza.

Maana yangu mimi niliipata nilipoolewa. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe wake. Akimwona anakuja anapinda njia, anajifunika khanga, anajificha mpaka mzee apite. Wala hasemi naye. Siku hizi wengi wameacha, na mume wangu mwenyewe anayaita mambo ya kizamani. Lakini mimi nimekulia mjini, Bondeni, na mawifi walishaanza kunong'ona kwamba mtoto wa mjini hana adabu. Ala! Nikasema nitawaonyesha. Kila nikienda Matema kwa wakwe zangu likizo nilijificha kuliko bibi zao walivyojificha. Upeo wangu ukawa popote macho ya mzee yanapofika. Nikasifiwa, kichwa kikavimba. Na niseme kweli, mila hiyo ilinifaa: sikuwa na haja ya kuhangaika kumjua yule mzee.

Likizo iliyopita nilikuwa ufukweni asubuhi, nasugua masufuria kwa mchanga. Mzee alikuwa ametoka na mtumbwi kutazama nyavu zake, na mwera ulikuwa umeanza, ule upepo wa kusini unaoliamsha ziwa. Nikainua macho nikaona mtumbwi uko mbali, lakini si mbali kiasi cha kutomjua aliyemo. Ile kofia yake nyekundu ya sufu naijua. Akainua mkono akapunga. Akili yangu ikaenda moja kwa moja kwenye adabu: ananionya kwamba anakuja, nimpishe. Nikabeba masufuria, khanga kichwani, huyoo kuelekea migombani.

Ningeishia hapo ningesema nilikosea tu. Lakini niligeuka nikatazama tena. Alikuwa anapunga mikono miwili, na mtumbwi umejaa maji mpaka kingoni. Mtu anayekufukuza hapungi mikono miwili, jamani! Nililijua hilo nikiwa nimesimama palepale. Na bado nikawaza: nikirudi ufukweni nikapiga kelele huku namkodolea macho baba mkwe, mawifi watasemaje? Nikaingia migombani, nikachutama na masufuria yangu. Mzee wa watu anazama, mimi nalinda sifa.

Waliomwokoa ni wanawake wa Kikisi, wafinyanzi, waliokuwa wanapeleka vyungu sokoni kwa mtumbwi wao. Walimkuta amekumbatia kasia, hawezi hata kusema kwa baridi. Mtumbwi wake ulikwenda, na nyavu zikaenda. Kelele zao ndizo zilizonitoa mafichoni, nami nikajifanya nashtuka pamoja na wengine. Nalia, khanga mdomoni, na mama mkwe ananibembeleza mimi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake mzee alikuwa ndani, amelazwa karibu na moto. Mimi nilikuwa nje ya ukuta, nakoroga uji wake ambao angepelekewa na mama mkwe. Wifi mkubwa akanitazama. "Wewe si ulikuwa ufukweni jana? Hukumwona baba?"

Mwiko ukanisimama mkononi. Kabla sijafungua kinywa, sauti ya mzee ikatoka ndani, dhaifu lakini ya kusikika na wote.

"Mwacheni. Aliniona. Nilimpungia mkono anipishe, maji yaliingia baadaye. Huyo ndiye mke mwenye adabu."

Mkono, alisema. Mmoja. Na yeye ndiye aliyekuwa akipunga yote miwili, akiutazama mgongo wangu ukiishia migombani.

Wifi akatabasamu, akanipigapiga begani. Mama mkwe akasema wake kama mimi hawapatikani tena. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Nilijua maneno yenyewe, yalikuwa machache tu. Mila ilinikataza kuzungumza na mzee, lakini haikunikataza kumwambia wifi ukweli.

"Ndaga, baba," nikasema kupitia ukutani. Ndiyo asante ya Kinyakyusa. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia, na nilimshukuru kwa kunidanganyia.