Hesabu ya Maji Niliyompa Dahir

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na viatu vya ngozi nilivyovipiga rangi mpaka vikang'aa, nikidhani nitakaa mezani. Msimamizi wa Chanjo, mwanamke mrefu wa Kismayu ambaye hakuwa na mzaha na mfanyakazi, alinitazama miguuni akasema, "Vua hivyo. Kazi hapa ni baiskeli." Akanipeleka uani pamoja na wenzangu walioanza kazi siku hiyo, kutuonyesha baiskeli sita zilizoletwa na shirika la nje, zenye matairi manene ya meno na gia mbele na nyuma. Akatueleza ati huko zilikotoka watu huzipanda vilimani siku za mapumziko, wakizitafuta njia za changarawe zisizo na magari, kwa raha yao tu. Tulicheka sote isipokuwa yeye.

Njia zisizo na magari sisi tulikuwa nazo tele. Barabara ya magari ya kusini ilikuwa na vizuizi vya watu wenye bunduki, na penye bunduki hapakukosa bomu la kutegwa. Kwa hiyo chanjo ya watoto ilipita njia ya punda nyuma ya vilima vya mchanga, kupanda na kushuka, changarawe ya mawe ya matumbawe chini na miiba pembeni. Ni njia ya kimya kabisa. Nitawaeleza ninyi vijana kazi ilivyokuwa, lakini nisiwafiche: naandika kwa sababu ya mwenzangu mmoja, Dahir, aliyekufa akabebeshwa kosa langu.

Mzigo wetu ulikuwa kisanduku baridi, chombo cha plastiki nene kinachobebwa mgongoni kwa mikanda miwili, ndani yake vichupa vya dawa vimezungukwa na pakiti za barafu. Barafu ikiyeyuka, kazi imekwisha. Kila kichupa kina alama ya duara yenye mraba ndani; mraba ukikoza rangi kama duara, dawa imekufa, imwage. Penye mchanga tulipunguza upepo wa matairi mpaka yalale kidogo, penye mawe tukajaza tena kwa pampu. Mnyororo tuliupaka mafuta kila jioni, maana chumvi ya kwetu haina huruma. Siku niliyolalamikia magoti, Msimamizi alinijibu, "Lali, wewe si mtu wa baiskeli. Wewe ni friji yenye miguu. Friji hailalamiki." Basi nikapanda baiskeli.

Mwaka wangu wa tatu nikapewa Dahir nimfundishe njia. Alikuwa Msomali wa bara, mtoto wa wafugaji, mwembamba, miguu ya kupanda vilima bila kupumzika. Bahari hakuijua hata kidogo, wala kuogelea. Kila tulipokaa alinidai maneno ya Kibajuni, lugha yetu ya visiwani, na la kwanza kulishika likawa *mchu*, yaani mtu. Basi hata punda akikataa kutupisha njiani, Dahir humwambia, "Ewe mchu, tuna watoto wanatungoja!" Nilimpenda yule kijana, wallahi. Aliniita adeer, ndiyo ami kwa Kisomali, na kila nililomwambia alilifuata kama alivyoambiwa.

Sasa nifikie maji. Kabla ya vijiji vya mwisho kuna hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Maji yakijaa huvuki. Yakipwa unabeba baiskeli begani na kupita kwenye matope. Kulizunguka ni kurudi kwenye vizuizi. Mimi mzaliwa wa Fuma, na sisi wa visiwani hatuulizi mtu habari za maji. Twahesabu mwezi. Siku za bamvu, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari hutoka mbali sana, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hesabu hiyo nilifundishwa na babangu kwenye pingili za vidole, na katika lile hori haikuwahi kunikosesha hata siku moja. Nilijivuna nayo mno.

Ramadhani zote nilichukua likizo. Ile moja Msimamizi alininyima, na homa ikanilaza. Ilikuwa tarehe kumi na sita ya mwezi huo, siku za bamvu. Baada ya swala ya alfajiri Dahir akaja kwangu, kisanduku mgongoni, akasimama mlangoni. "Adeer, leo naenda peke yangu. Hori nivuke saa ngapi?"

Nikahesabu vidole nikiwa nimelala. "Saa nne na nusu. Maji yatakuwa ya kifundo cha mguu."

"Na nikiyakuta mengi?"

"Huyakuti. Wewe mtu wa ngamia unifundishe bahari?"

Akacheka, akasema, "Haya, adeer." Nikasikia baiskeli ikiondoka. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Yaliyotokea tulielezwa na mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi ng'ambo ya hori. Dahir alifika saa nne na nusu. Alisimama akayatazama maji, akatazama saa yake, akafungua kisanduku akatazama vichupa. Yule mama alimpigia kelele angoje. Yeye akainua mkono kuonyesha saa, maana ndiyo aliyoambiwa. Akaingia akisukuma baiskeli. Maji yalipomfika kifuani yakamvuta kuelekea baharini. Baiskeli aliiachia, kisanduku hakukivua. Siku ya pili wavuvi wa Darakasi walimkuta nje ya mwamba, mikanda bado iko mabegani.

Saa moja baada ya yeye kuchukuliwa, hori lilikuwa kavu. Baiskeli ilikuwa imelala kwenye matope, mtoto angeweza kuiendea.

Baada ya mazishi nilikwenda pale peke yangu, nikafika saa ile ile ya hesabu yangu, nikaona. Bahari nje imepwa, lakini hori bado linatoka, kwa nguvu. Lango lake ni jembamba, maji ya ndani huchelewa saa nzima kwisha. Mimi miaka yote hiyo sikujua! Nilikuwa nikifika kijiji kilicho kabla ya hori, nakaa kwa mama muuza chai, nakula mahamri yangu, napiga soga, na nikiinuka saa nzima imepita. Dahir naye nilimpitisha hivyo hivyo, tumeshiba chai. Si hesabu yangu iliyokuwa sahihi. Ni uvivu wangu ulionivusha. Na Ramadhani hakuna chai, na Dahir hakuwa na sababu ya kusimama popote.

Msimamizi aliniita ofisini. "Ulimpa maelekezo?"

"Nilimpa."

"Yapi?"

Nikasema, "Nilimwambia angoje maji yapwe." Astaghfirullah, nilisema hivyo, na nilimtazama usoni. Akaandika nikiona: *alivuka kinyume cha maelekezo, kwa uzembe wake*. Ukutani mwa ofisi ile kuna ubao wa majina ya waliofia kazini. Jina la Dahir halikuandikwa.

Nikahamishiwa chanjo za visiwani, kisha nikafanywa mkufunzi, nikawafundisha vijana kupunguza upepo wa matairi na kusoma alama za vichupa. Walipouliza habari za hori niliwaambia, "Ongezeni saa moja." Hakuna aliyeuliza kwa nini. Siku ya kustaafu nikapewa cheti na kanzu, nikapigiwa makofi.

Juma lile lile nilikwenda kwa Habiba, mjane wa Dahir, nikamwambia yote. Hakulia. Akasema, "Adeer, miaka yote hii nimemkasirikia marehemu. Wanangu wakikosea nawaambia, msiwe wazembe kama baba yenu. Nimewaambia hivyo kwa mdomo wangu." Nikamwomba anisamehe. "Mimi baadaye," akasema. "Nenda kaandike jina lake."

Nilikwenda. Msimamizi alikwishaondoka nchini. Mkuu wa Ofisi wa sasa, kijana mwenye adabu, alinisikiliza mpaka mwisho bila kuigusa kompyuta yake. "Mzee wangu," akasema, "faili lile limefungwa, na aliyeliandika hayupo. Wewe umetumikia vizuri. Nenda kapumzike." Nimerudi mara tatu, na mara ya tatu askari wa mlangoni akaniambia Mkuu ana kikao.

Watu huniuliza kustaafu kukoje. Magoti yanauma, usingizi haba. Siwezi kuliandika jina kwenye ubao wa watu, lakini hapa hakuna wa kunizuia. Dahir hakuwa mzembe. Aliambiwa saa nne na nusu, akafika saa nne na nusu. Aliyekosea ni mimi, Lali wa Fuma, na aliyesema uongo ni mimi. Habiba, wasomee wanao.