Sahani ya Pili

Juzi, kwenye foleni ya zahanati huko Dilala, nilikaa karibu na karani wa mgodi na mkewe. Mke ndiye aliyenisimulia. Daktari alimwonya mumewe kuhusu tansiyo, yaani shinikizo la damu, naye akapunguza bukari, ugali wetu, akaacha bia, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Mwili ukawa mwepesi, akalala vizuri. Lakini kwetu kitambi cha mume ndicho sifa ya mkewe, na majirani wakamcheka: "Mama, bwana yako anakonda hivi, haumupikie?"

Kwa aibu mke akamwongezea mumewe sahani ya pili. "Kula, tata, batu banasema," akamwambia baba wa nyumba. Mume akala, miezi ikapita, tansiyo ikapanda hadi ikamwangusha.

Sasa mkono wake wa kulia umepooza. Pale kwenye foleni mkewe alimlisha uji polepole, akamfuta kidevu.

"Bale batu, citoyen," aliniambia, akiniita raia kwa heshima, "hakuna hata mumoja anakuya kumuangalia."