Mwito wa Tatu

Jumatano iliyopita, saa nane mchana, katika wodi ya wanaume mjini Meru, kaka yangu Kirimi aliacha kuitika. Nilimwita tena, halafu tena. Muuguzi alifikiri nimechanganyikiwa, kumbe nilikuwa nafuata tu tulivyofundishwa na nyanya.

Nilipokuwa mtoto kule Kibirichia, shule yetu ya misheni ilikuwa na madarasa manne ya mawe. Wazazi wetu waliyabeba mawe hayo kutoka mtoni, kila nyumba kwa zamu, na Jumapili Padre alizitaja kanisani nyumba ambazo hazijaleta. Kiwanja kilikuwa na mugumo, mti ambao wazee wa zamani walisali chini yake. Hakuna mtu wetu aliyekubali kuukata. Padre aliwaleta wakataji kutoka mbali. Magogo yaliozea nyuma ya stoo, karibu na kisiki, maana hata mpishi wa shule hakuthubutu kuyatia jikoni.

Nyanya alikuwa amebatizwa, na rozari aliivaa hata akilima. Lakini jambo moja hakuliacha.

"Ukiitwa mara moja karibu na kile kisiki, nyamaza," alituambia. "Waliokufa huita mara moja tu. Mtu wa kwenu atakuita mara tatu."

Ijumaa moja jioni tulipeleka viazi vya chakula cha shule. Mimi nilikuwa darasa la pili, Kirimi la tano. Paka alikuwa amezaa ndani ya stoo, nasi tukajipenyeza nyuma ya magunia kuwatazama watoto wake. Mpishi, mzee Mutwiri, hakutuona. Alifunga mlango, akatia kufuli. Tulipiga kelele, lakini kengele ya rozari ilikuwa inalia, naye akaenda zake akiimba.

Kirimi alipanda juu ya mifuko ya chokaa ili afikie dirisha. Mfuko mmoja ukapasuka, na vumbi jeupe likajaa chumba kizima. Mimi nina pumu tangu kuzaliwa.

"Usilie," aliniambia. "Ukilia unaimeza chokaa."

"Nitakufa?"

"Utakufaje na hata Komunyo hujapokea? Padre atakataa."

Nilicheka, kifua kikazidi kubana.

Ndipo tukasikia sauti ya Sista, mwalimu mkuu wetu, huko nje. "Kirimi!" Nilifungua mdomo, na kiganja cha Kirimi kikanifunika.

"Ni mara moja," alininong'oneza.

Hatua zikapita. Halafu sauti ya mwanamume, upande wa kisiki: "Kanana!" Jina langu, mara moja. Nayo ikapita. Watu walikuwa wameacha rozari kututafuta, wakielekea mtoni, kila mmoja akiita akipita. Kifua changu kilikuwa kinapiga mluzi kama birika. Kirimi hakuondoa mkono, ila machozi yake yalikuwa yananidondokea kichwani.

Mwishowe tukasikia fimbo ya nyanya ikigonga mawe.

"Kirimi."

Kimya.

"Kirimi."

Nilihesabu moyoni.

"Kirimi! Wewe mtoto, nikuite mpaka lini, kwani wewe ni mbuzi?"

"Tuko hapa, nyanya!" Alipiga kelele mpaka watoto wa paka wakatawanyika.

Mutwiri alifungua mlango. Nilibebwa nje, nikapata hewa.

"Niliwaita!" Sista alifoka. "Mbona hamkuitika?"

"Uliita mara moja, Sista," nyanya akamjibu.

Sista alikitazama kisiki.

Baadaye Kirimi alifundisha shule ile ile. Asubuhi akiita majina, mtoto asipoitika alimwita mara tatu kabla ya kumwandika hayupo. Wanafunzi walimtania, wakimwita Mwalimu Tatu. Alicheka nao, wala hakuacha.

Sijawahi kujua kama nyanya alituokoa siku ile au alikaribia kuniua. Ninachokumbuka ni mkono wa mtoto aliyeogopa, ukinilinda na kunibana pumzi kwa wakati mmoja. Tangu Jumatano niko tena ndani ya stoo ile. Mlango umefungwa, vumbi halitulii, na safari hii Kirimi hayuko nami.

Ee Bwana, mtumishi wako Kirimi ana hofu ya kuitika. Usimwite mara moja. Mwite mara tatu, ajue kwamba anayemwita ni wa kwao. Umpe raha ya milele, na mwanga wako umfikie hata nyuma ya magunia. Amina.