Tulikuwa Saba Mashewa

Jumamosi iliyopita nilinunua unga wa muhogo hapa Mwanza, nikasonga ugali wake, na nilipofunua sufuria ule mvuke ukanipanda puani. Wanangu walikunja nyuso. Mimi nilikaa chini palepale jikoni, mwiko mkononi. Harufu ile, rafiki yangu, ni ya Mashewa, kijiji cha Korogwe, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiikwepa. Leo acha nikuhadithie, maana wale ambao wangenisahihisha ninapokosea hawapo tena.

Mimi si mtu wa Korogwe. Nimezaliwa upande wa pili kabisa wa nchi, Kagera, katika kibanja cha migomba karibu na mto. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja vita vilipotukuta tukiwa shuleni. Tulisikia mlio ambao tulidhani ni radi, ila jua lilikuwa kali. Mwalimu wetu wa darasa, Msambaa aliyekuwa amepangiwa kazi kwetu, hakutuambia tukimbie nyumbani. Nyumbani ndiko moshi ulikokuwa ukitoka. Alitupanga mstari kama wa kwenda kuchota maji, akatupitisha ndani ya migomba. Njiani wengi waliokotwa na mama zao. Tulipofika Bukoba siku ya tatu tulibaki saba ambao hakuna mzazi aliyeonekana. Mwalimu aliuliza kila mahali, akasubiri, akauliza tena. Mwishowe akasema, "Nawapeleka kwa mama yangu." Tukapanda meli, tukapanda treni, na kutoka Korogwe tukapanda lori la mkonge.

Bibi, mama yake Mwalimu, tulimkuta anaanika makopa ya muhogo kwenye jamvi. Mwanawe alianza kumweleza habari za vita, za mpaka, za serikali. Bibi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anatutazama miguu, ilivyovimba.

"Hawa wamekula?" akauliza.

"Mama, nakueleza kwamba..."

"Nimekuuliza wamekula?"

Baadaye nilikuja kujua ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na msemo wake: mtoto haulizwi katoka wapi, huulizwa kala nini. Kabla jua halijazama tulikuwa tumeshagawanywa. Sisi wasichana watatu tulibaki kwa Bibi. Wavulana wanne walichukuliwa na jirani, mke wa mnyapara wa shamba la mkonge, mwanamke mwenye sauti kubwa ambaye tayari alikuwa na watoto watano wa kuzaa. Alikuja na kitenge kimoja, akawafuta pua wote wanne kwa zamu, akaondoka nao.

Sijui niieleze vipi Mashewa ya siku zile. Asubuhi kengele ya shamba ililia, na kabla haijanyamaza korona ilishaanza kunguruma, ile mashine kubwa iliyokuwa ikisaga majani ya mkonge na kutema nyuzi. Harufu ya makapi yake ilikuwa chungu, ikishika nguo na nywele. Nyuzi nyeupe zilianikwa kwenye nyaya, safu kwa safu, na upepo ukizipiga ungedhani kijiji kizima kimefua shuka. Siku nyingine walipita wanawake wa kifugaji kutoka pande za Handeni, maziwa kwenye vibuyu, shanga zao zikilia. Kazi yetu ilikuwa kuchota maji, kutwanga makopa, na kuchuma mchunga kwenye mitaro. Mchunga ni mboga chungu. Mwanzoni tuliutema kwa siri, kisha tukauzoea, kisha tukaupenda.

Tulichoshindwa kuzoea ni kukosa ndizi. Wiki ya pili aliyekuwa mdogo kuliko sote aligoma kula, akalia akitaka chakula cha kwao. Bibi alipanda lori akaenda soko la Kwashemshi, akarudi jioni na mkungu kichwani. Akautua mbele yetu akasema, "Haya, pikeni, mimi sijui." Tukapika kama tulivyoona mama zetu wakipika. Bibi alionja, akatafuna polepole, akasema kwamba kumbe watu wa huko wanakula chakula cha wagonjwa. Tulicheka mpaka yule mdogo akacheka, na akala.

Kati yetu mwenye akili kuliko wote alikuwa binti wa fundi baiskeli, niliyekuwa nikiketi naye dawati moja. Alijifunza Kisambaa kwa mwezi mmoja. Baiskeli ya mnyapara ilipokatika mnyororo, aliomba kipande cha chuma na jiwe, akauunga mbele ya wanaume waliosimama kumcheka. Tangu siku ile wanaume wa kambi ya mkonge wakawa wanamletea baiskeli zao, na yeye akawa anavaa grisi usoni kama poda.

Vita vikaisha. Barua ilikuja: baba yangu yu hai. Fundi baiskeli yu hai, mkewe hapana. Wavulana wawili hawakuwa na mtu, wakabaki kwa mke wa mnyapara mpaka walipomaliza darasa la saba. Siku ya kuagana Bibi hakulia mbele yetu. Alitufungia makopa kwenye kanga, akatuambia, "Mtarudi. Nyie ndio mtakaonizika."

Na tulirudi. Tulipokuwa watu wazima kidogo tuliandikiana barua, tukapanga, tukaja wote saba. Mwalimu alichinja mbuzi. Mke wa mnyapara alitupima urefu kwenye nguzo ya nyumba yake. Tuliporudi tena, baada ya miaka mingine, tulikuwa watano. Tayari kule kwetu ulikuwa umeingia ule ugonjwa ambao tulianza kwa kuuita Juliana, kabla redio haijauita UKIMWI, kisha tukaacha kuuita kwa jina lolote. Ukipita vibanjani unaona kaburi jipya chini ya migomba, kisha la pili, kisha nyumba imefungwa. Wale watoto waliovuka vita kwa miguu walianza kuanguka kimya kimya, mmoja baada ya mwingine.

Mara ya mwisho, miaka kumi na sita tangu vita, tulikuja wawili. Mimi nilikuwa nimeshakuwa muuguzi Mwanza, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Mwingine alikuwa binti wa fundi baiskeli. Tulikutana stendi ya Korogwe, na nilimpita bila kumtambua. Aliniita. Alikuwa amebaki macho na meno. Mkononi alimshika mtoto wa kike wa miaka minne, amevalishwa sweta la mitumba katika joto lile. Sikuwa na haja ya kumuuliza kitu. Wodi yetu ilikuwa imejaa watu wa sura ile.

Mashewa tuliikuta kimya. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kinauzwa na kila mtu anauza. Korona ilikuwa imezimwa, shamba linasubiri mnunuzi, nyaya za kuanikia zimekatwa. Mkonge ulikuwa umetoa miti mirefu katikati na vichaka vimepanda hadi barabarani. Mwalimu alikuwa ameacha chaki. Alihamia Chanika, Handeni, alikouza mitumba, na alikuja siku ile kutuona akiwa amevaa koti la mtu mnene. Mke wa mnyapara alikuwa mjane, sauti imeshuka, watoto wake wametawanyika.

Bibi alikuwa ameketi kwenye jamvi mlangoni. Macho yalikuwa yamekwisha.

"Shikamoo Bibi," tukasema.

"Marahaba wajukuu zangu. Mko wangapi?"

Tulitazamana. "Wawili," nikasema.

"Na wengine wanakuja na basi lipi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, maneno laini. Mwenzangu hakunipa nafasi. "Bibi, wamekufa. Wote watano."

Bibi akauliza, "Vita vimerudi?"

"Hapana, Bibi."

"Sasa nani anawaua?"

Bibi alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akasema kwa sauti ndogo kwamba alituambia tuje tumzike, hakusema tutangulie. Kisha akasikia mtoto akikohoa. Akanyoosha mkono hewani mpaka akampata, akampapasa kichwa, masikio, mabega. Akauliza kama amekula.

Tulipokwisha kula ndipo mwenzangu alipoeleza kilichomleta. Mke wa mnyapara alikuwepo, na majirani wengine wawili watatu waliokuja kusalimia. Alisema polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Mume amekufa. Baba yake amekufa. Yeye mwenyewe hatamaliza masika.

"Nilikuja hapa sina mtu, mkanipokea," akasema. "Sina pengine ninapopajua. Naomba mnipokelee huyu."

"Analala kwangu," Bibi akasema papo hapo. "Mleteeni jamvi."

"Mama," Mwalimu akasema, na alikuwa hawezi kumtazama mwanafunzi wake. "Mama, wewe mwenyewe unalishwa. Unaogeshwa na majirani. Mtoto atakuwa wa nani?"

"Na wewe?"

"Mimi nina chumba kimoja Chanika, tunalala sita."

Watu wakageuka kumtazama mke wa mnyapara. Nilimuona akimtazama mtoto, akitazama kikombe alichonywea, akitazama tena chini. Jirani mmoja akasema, bila kumtaja mtu, kwamba maradhi haya hayajulikani yanavyorukia, na hapa kuna watoto wadogo.

Hapo nikasimama. Nilijua kazi yangu. Niliwaeleza kwa utulivu kama ninavyowaeleza ndugu wa wagonjwa: kwamba hayaambukizi kwa kula sahani moja, wala kwa kulala jamvi moja, wala kwa kukohoa, na kwamba pengine huyu mtoto hana kitu kabisa. Nilisema vizuri. Hata Mwalimu alitikisa kichwa kukubali.

Mke wa mnyapara alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, na hakuniuliza kwa ubaya, "Mwanangu, wewe unayejua haya yote. Mbona humchukui wewe?"

Rafiki yangu, nimeshafikiri majibu mengi tangu siku ile. Siku ile nilikuwa na moja tu, nalo nililitoa nikiwa natazama mlango. Nilisema, "Itabidi kwanza niongee na mume wangu."

Mwenzangu aliniokoa. Alisema hakuna haraka, bado ana nguvu, tutaandikiana. Akamvuta mtoto akamkalisha mapajani. Bibi, asiyeona, aliendelea kuuliza kama jamvi limeletwa.

Tulirudi Korogwe kesho yake. Basi la mwenzangu lilikuja kwanza. Aliniambia mtoto hapendi maziwa, na kwamba akiogopa huimba. Aliniambia kama mtu anayekabidhi zamu. Nikasema, "Nitakuandikia," na mlango ukafungwa.

Kwa wiki tatu sikumwambia mume wangu neno. Mwanangu alikuwa na miezi kumi, nyumba ilikuwa ndogo, na kila nilipofungua mdomo niliona sahani za watoto wawili pamoja, na mimi muuguzi nikaogopa yale yale niliyowakataza wengine kuogopa. Siku nilipomwambia, mume wangu aliweka chini redio aliyokuwa akiitengeneza. Hakukasirika.

"Ungemleta tu," akasema.

Niliandika barua siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja kwa mkono wa mtu nisiyemjua: mama amezikwa, mtoto amechukuliwa na ndugu wa marehemu baba yake, amekwenda naye visiwa vya ziwani kwenye uvuvi wa dagaa. Kisiwa gani, hakuandika.

Bibi alifariki kabla mwaka haujaisha. Sikwenda kumzika. Hakuna kati yetu saba aliyekwenda. Mwalimu aliandika kwamba kaburi lilichimbwa na vibarua, kwa sababu vijana wote wamekwenda Dar. Aliandika pia kwamba nyumba imeanguka upande wa jikoni, na kwamba hatutakutana tena Mashewa kwa kuwa hakuna pa kukutania. Barua yake ilikuwa na makosa ya tahajia, yeye aliyekuwa akituchapa kwa herufi moja.

Nilimtafuta yule mtoto. Nilichukua likizo nikapanda mitumbwi nami naogopa maji, nikapita mwalo kwa mwalo, kila mahali wavuvi wanapoegesha, nikitaja jina la mama, la baba, nikieleza kimo ambacho pengine alishakipita. Watu walikuwa wema. Walifikiri, waliulizana, walitikisa vichwa. Kwenye mwalo wa mwisho nilimkuta mwanamke akianika dagaa mchangani. Alinisikiliza bila kusimamisha mikono, kisha akanitazama, labda kwa sababu nilikuwa nalia.

"Ni mwanao?" akauliza.

"Hapana," nikamwambia.

Akainamia dagaa wake, akaendelea kuwatandaza.